Kufunua au kufunika: gari la spoti kwa mtu wa Tanga

Mpwa wangu yuko Muscat, mwaka wa sita sasa. Juzi kanitumia picha mbili bila hata salamu: Mazda Roadster ya bluu, paa limekunjwa nyuma, na Toyota 86 nyekundu yenye paa lake la chuma. Baada ya dakika tano ndipo adabu ikamrudia. "Shikamoo mjomba. Nichukue lipi? Nataka likae nyumbani, nikija likizo nalikuta." Nikamwitikia marahaba, kisha nikamuuliza swali moja tu: litalala wapi? Kimya. Nadhani aliona namzungusha.

Simzungushi. Roadster nimekaa nayo miaka minne hapa Tanga, ya mwaka 2000, paa la turubai jeusi, gia za mkono. Niliiuza, na sasa natumia gari la paa la chuma. Nikimwangalia kijana aliyeko mbali akiyapima haya mawili, naona anapima yaleyale niliyoyapima mimi: spidi, rangi, na atakavyoonekana akipita Raskazone. Sawa, hayo nayo yamo. Ila kwa mji wetu, gari la kufunua paa na gari la paa gumu hutofautiana zaidi likiwa limezimwa kuliko likiwa linakwenda. Gari la kutembelea jioni hutembea saa moja, likasimama saa ishirini na tatu. Katika hizo ishirini na tatu ndimo paa linapokufa au kupona.

Tuanze na ile saa moja, maana ndiyo inayouza magari.

Utalifunua saa ngapi?

Mzungu kule kwao hufunua paa ili apate jua. Sisi jua hatulitafuti, linatufuata mpaka uvunguni. Mwezi wangu wa kwanza nilifunua mchana, saa saba, Machi, ili watu waone. Watu waliona. Mzee mmoja wa baiskeli akanisogelea kwenye mzunguko, akaniangalia utosini, akauliza kwa upole kabisa, "Kijana, paa limeharibika?" Nikafika nyumbani kichwa kinaniuma, na usukani nimeushika kwa ncha za vidole kama sufuria la maharage.

Tangu siku hiyo nikajua saa zake. Alfajiri baada ya sala mpaka kama saa mbili asubuhi, na jioni kuanzia saa kumi na moja na nusu kwenda usiku. Katikati ya hapo ni kufunga na kuwasha kiyoyozi kama wenzako. Na katika nyakati hizo mbili za halali, sikufichi, hakuna gari la paa la chuma linaloweza kushindana nalo. Unatoka Chumbageni unateremka Raskazone, kusi linavuma, unaunusa mwani kabla hujaiona bahari. Unasikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana. Mtu aliyekaa barazani anakutania na wewe unamjibu bila kupunguza mwendo. Ukiwa na paa gumu unaweza kushusha vioo vyote viwili, lakini upepo unaingia kwa pembeni na kukupiga sikioni tu, na mbingu huioni. Ni tofauti ya kukaa dirishani na kukaa uwanjani.

Lipe pia gari la kufunua barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Kilomita kama 33 za kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na hewa inapoa kadiri unavyopanda. Ukipita Soni paa likiwa wazi unasikia maji ya mto kabla hujayaona. Huko ndiko gari la kufunua lilikozaliwa kwenda, na huko hata saa sita mchana unafunua bila kujuta.

Jambo la mavazi dogo, ila wanandoa walijue. Mke wangu alipanda mara ya kwanza na mtandio mwepesi wa kwendea harusini. Tulipofika Amboni hakuwa nao. Safari zilizofuata akajifunga kanga fundo nyuma, na mimi baraghashia nikawa naikalia. Hadi kilomita 60 kwa saa, upepo ni mzuri. Ukipita 90 mazungumzo yanakuwa ya kupigiana kelele, hata uwe umepandisha vioo.

Kwa hiyo piga hesabu yako kwa unyofu. Kama wewe ni mtu wa kutoka alfajiri na magharibi, gari la kufunua lina maisha Tanga. Kama safari zako ni za saa nne kwenda benki na saa nane kurudi, utakuwa umenunua paa la gharama ili ulifunge.

Jua, chumvi, na mzambarau wa dada

Sasa zile saa ishirini na tatu.

Paa la chuma likipigwa na jua la pwani, rangi hufifia na vanishi hubanduka. Linauma, lakini fundi rangi yupo kila mtaa, na siku mbili tatu gari limerudi. Paa la turubai likipigwa na jua hilohilo hukakamaa kwenye mikunjo, halafu hapo kwenye mikunjo ndipo linapochanika. Haya ya zamani huwa ya plastiki nene au ya kitambaa kizito. Kitambaa kinapumua vizuri na kinapendeza, ila kinashika uchafu. Plastiki inafutika kirahisi, ila inapasuka mapema. Roadster za kizazi cha kwanza, zile zilizoanza mwaka 1989, dirisha lake la nyuma ni plastiki laini. Kwa jua letu linageuka manjano kama glasi ya chai, na kila ukitaka kushusha paa lazima kwanza ufungue zipu yake, la sivyo linakunjika na kuacha alama ya kudumu. Kizazi cha pili, cha 1998, kikaja na kioo halisi nyuma. Ukinunua ya zamani, anzia hapo.

Halafu kuna vitu ambavyo hakuna tangazo la gari litakalokuambia. Paka, kwa mfano. Paa la turubai lina ubonyeo kidogo katikati, lina joto la wastani, halitelezi. Kwa paka wa Tanga hicho ni kitanda. Akishuka anajinyoosha, na akijinyoosha anakwaruza kwa kucha. Kunguru nao, kinyesi chao kikikaa siku mbili juani kwenye kitambaa, ukikitoa kinaondoka na rangi. Na mwaka mmoja niliacha gari siku tatu nyumbani kwa dada yangu Makorora, chini ya mzambarau, msimu wa zambarau. Niliporudi paa lilikuwa na madoa ya urujuani kama kitambaa cha batiki. Nilisugua kwa shampuu, nikasugua kwa brashi laini ya nguo, dada akasimama mlangoni akicheka mpaka akakaa chini. Yale madoa niliyauza pamoja na gari. Kwenye paa la chuma ningemwaga ndoo mbili za maji, basi.

Chumvi haina upendeleo, inakula yote mawili. Tofauti ni kwamba gari la kufunua lina vyuma vingi vidogo vinavyocheza: bawaba za fremu ya paa, makomeo juu ya kioo cha mbele, springi, skrubu. Mkazi wa karibu na bahari asiyevipaka mafuta mara kwa mara atakuja kulivuta paa siku ya mvua likatae katikati.

Maji yanakopita

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipolipia ada ya shule.

Watu wengi wanadhani tatizo la paa la turubai ni kuvuja juu. Roadster yangu haikuwahi kunidondoshea tone kichwani, hata Aprili ile mvua ya kumwaga kwa debe. Lakini baada ya mvua, nikifunga breki nasikia kama mtu anatikisa dumu lililo nusu. Chwaa, kushoto. Chwaa, kulia. Nikakagua buti, kavu. Nikainua mazulia, yamelowa chini ya kiti cha abiria lakini siyo kiasi cha kelele ile. Gereji ya kwanza wakaniambia ni tangi la mafuta. Ya pili wakataka kushusha difu, ile gia ya nyuma inayozungusha matairi.

Aliyeligundua ni fundi wa viti kule Ngamiani, ambaye nilimpelekea kushona siti tu. Aliweka sikio mlangoni, akanisukuma kidogo nilitikise gari, akasema, "Maji yako kwenye kizingiti." Yaani ndani ya lile boksi la chuma lililo chini ya mlango.

Ni hivi. Paa la turubai linapokutana na bodi nyuma ya viti, kuna mfereji wa raba unaopokea maji yanayoteremka paani. Mfereji huo unayashusha kwenye matundu mawili, moja kila upande, nyuma ya mabega ya dereva na abiria. Kutoka hapo yanapita kwenye mpira na kutokea chini, mbele kidogo ya matairi ya nyuma. Gari limetengenezwa hivyo kwa makusudi, wala siyo kasoro. Lakini tundu lenyewe ni dogo, halizidi kidole, na mimi nilikuwa naegesha chini ya mwarobaini. Majani ya mwarobaini, mnayajua, ni kama yamekatwa maalumu kwa ajili ya kuziba matundu. Yakaziba. Maji yakakosa pa kwenda, yakajaza kizingiti, na kutu ikaanza kula kwa ndani ambako huioni.

Fundi akatoa waya wa breki wa baiskeli, ule mrefu wa nyuma, akaupinda ncha ili usichane mpira, akauingiza taratibu huku akiuzungusha kwa vidole viwili. "Usisukume," ananiambia, "mbembeleze." Chini kabisa kuna kama ulimi wa mpira unaozuia tope la tairi lisipande, ukilazimisha waya unautoboa. Dakika kumi hivi, kikadondoka kitu cheusi kama gundi, halafu maji. Nilihesabu sekunde, nikachoka. Yalitoka mpaka mchanga wa pale kibarazani ukawa dimbwi, na kuku wakaja kunywa.

Kizingiti cha kushoto baadaye kilikatwa na kuchomelewa bati jipya. Ile gharama ya kuchomelea ndiyo iliyonifanya nianze kuangalia magari ya paa gumu.

Kwa hiyo mtu anayekwenda kukagua gari la kufunua lililotumika, aache kwanza kutazama paa. Apige magoti, apapase chini ya milango karibu na tairi la nyuma. Akikuta malengelenge ya rangi, au bati limefunikwa kwa putty nene, aondoke hata kama paa ni jipya. Kisha ainue zulia nyuma ya viti anuse. Harufu ya ukungu haidanganyi. Na akishalinunua, asikunje paa likiwa limelowa, mafundi wasilipige dizeli eti ling'ae, na yale matundu ayamwagie maji ya chupa kila mwezi aone kama yanatoka chini.

Gari la paa gumu nalo lina mifereji yake midogo kwenye milango na kwenye buti. Ikiziba ni kero. Haiwi msiba.

Lile la tatu: chuma kinachojikunja

Kuna wanaosema, basi nichukue lenye paa la chuma linalojikunja lenyewe, nipate yote. Wazo si la leo. Mfaransa mmoja, Georges Paulin, ambaye kazi yake ilikuwa udaktari wa meno, ndiye aliyebuni paa la namna hiyo, na Peugeot wakalitia kwenye magari yao tangu 1934. Mercedes wakalirudisha kwa kishindo na SLK ya 1996. Mazda nao wakatoa Roadster ya paa hilo mwaka 2006, inayojikunja kwa sekunde kama 12, kisha RF, Roadster ya kizazi cha nne yenye paa la namna hiyo, ambayo kwa kweli ni gari zuri kulitazama kuliko yote niliyoyataja.

Likifanya kazi, ni raha. Paka hana kitanda, kunguru hana kitambaa, mwizi wa wembe hana pa kukata. Lakini ndani yake kuna mota, vihisi, na nyaya zinazokunjwa na kukunjuliwa. Kihisi kimoja kikipata kutu, paa linasimama nusu angani, na hapo huwezi kulifunga kwa mkono kirahisi kama turubai. Nimeliona moja likisimama hivyo wingu jeusi linatoka upande wa bahari. Mwenyewe alilifunika kwa turubai la lori, akakaa pembeni. Mtu wa kusoma hitilafu zake hapa Tanga utamtafuta sana, na spea unaagiza nje.

Mimi, kwa mtu anayeishi hapa na gari siku zote, nalikubali RF jipya kiasi. La zamani, kama vile Daihatsu Copen za mwanzo ambazo buti lake likimezwa na paa hubaki nafasi ya ndala, namwachia mwenye subira na fundi umeme ndani ya ukoo.

Barabarani

Ukikata paa la gari, umekata mfuniko wa boksi. Boksi lisilo na mfuniko hupinda ukilishika pembe mbili. Wahandisi hulipa deni hilo kwa kuongeza vyuma chini na pembeni, na vyuma ni uzito. Nissan Fairlady Z ni mfano mzuri kwa sababu ni gari moja kwa sura mbili: la paa gumu lilitoka 2002, la kufunua 2003, na la kufunua limezidi kwa kama kilo 100. Injini ileile. Hizo kilo unazisikia ukikanyaga.

Roadster ni habari nyingine, kwa kuwa lilichorwa wazi tangu karatasini. Ndani yake kuna fremu ya alumini inayounganisha gia boksi na difu, na gari zima ni jepesi. Toleo jepesi la kizazi cha nne kwa soko la Japani lilitoka na kilo 990. Toyota 86, lililoanza 2012 na injini ya lita 2 iliyotoka Subaru, linapita kilo 1,200. Toyota walionyesha 86 la kufunua Geneva mwaka 2013, halafu hawakulitengeneza kuliuza.

Kwa dereva wa kawaida, 86 linatulia zaidi kwenye kona ndefu na kwenye lami ya kwenda Segera. Roadster linacheka na wewe kwenye kona fupi hata ukiwa kilomita 50, na kwa tochi za trafiki zilizopo barabarani, gari linalofurahisha kwa mwendo wa 50 ni gari la akili. Kwenye barabara ya vumbi mambo yanageuka. Roadster yangu ikipita kwenye makorongo ilikuwa inatetemeka mpaka kioo cha kati kinageuka chenyewe, na makomeo ya paa yanalia kri kri kri. Paa gumu linanyamaza.

Matuta? Yote mawili yako chini, yote mawili utayavuka kwa mshazari kama kaa. Hapo hamna cha kulinganisha.

Usalama sitaki kuupita haraka. Gari likipinduka, paa la chuma linabeba sehemu ya mzigo. La kufunua linategemea fremu ya kioo cha mbele na yale mapete ya chuma nyuma ya viti, na Roadster za vizazi viwili vya kwanza hazikuja na mapete ya kutegemea. Miaka ya 1970 huko Marekani watu walihofia sheria ya kupinduka itayafuta kabisa magari ya kufunua, mpaka Cadillac wakaiuza Eldorado yao ya 1976 kama ndiyo ya mwisho. Sheria haikuja, magari yakarudi. Lakini hofu yenyewe ilikuwa na mantiki. Ukiwa kilomita 80 umekaa chini, kichwa wazi, na lori la saruji la Pongwe linakupita, tairi lake liko usawa wa sikio lako. Nikienda safari ndefu ya Dar na Roadster nilikuwa nafunga paa. Halikuwa linaniongezea ulinzi wowote. Moyo ndio ulikuwa unataka.

Watu, mizigo na kodi

Roadster ni viti viwili. Siyo viwili na kidogo. Shemeji akiomba lifti na mtoto, mmoja anabaki. 86 lina viti vya nyuma ambavyo mtu mzima hakai zaidi ya dakika kumi, lakini mtoto anakaa, na ukiviangusha buti linakuwa refu la kubeba matairi manne. Kwa maisha yetu hiyo si nyongeza ndogo. Tanga hakuna safari isiyoisha na gunia la machungwa ya Muheza ambalo hukuliomba. Kwenye Roadster gunia lilikuwa linakaa kiti cha abiria na kufungwa mkanda.

Upande wa pili, gari la kufunua linaweza kuingiza hela. Bwana harusi na bibi harusi nyuma ya matarumbeta wanalitaka, na watalilipia. Nilifanya harusi kadhaa. Bibi harusi anakaa juu ya ubavu wa nyuma na shela lake lote, paa limekunjwa chini yake, na wewe unaendesha mwendo wa miguu huku ukiomba asilibonyeze. Sikumbuki kama nilipata faida baada ya kuhesabu bawaba zilizopinda.

Kodi haitakuamulia. Ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, magari yote yanalipa. Ushuru wa bidhaa unafuata injini: mpaka cc 1000 hakuna, mpaka 2000 ni asilimia 5, kuzidi hapo 10. Roadster ya karibuni ya turubai kutoka Japani ni cc 1,496, RF ni 1,997, 86 ni 1,998. Zote ziko kapu moja. Fairlady ya 3,498 inaruka kapu. Umri ndio unaouma: likipita miaka 8 linaongezewa, likipita 10 linaongezewa zaidi. Weka mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla hujampa mtu hela. Na likifika, kata bima kubwa. Bima ndogo haikushonei paa lililopasuliwa na wembe, na kwa gari la turubai kanuni ni kutoacha kitu chochote ndani kinachomtamanisha mwenye wembe.

Nilichomwandikia

Siku ya tatu mpwa wangu alijibu. "Litalala kwa mama, Makorora. Chini ya ule mti."

Ule mti naujua vizuri.

Nikamwandikia: chukua 86. Wewe upo mwezi mmoja kwa mwaka. Miezi kumi na moja gari litasimama, halifunuliwi, halipakwi mafuta kwenye bawaba, matundu hayamwagiwi maji, zambarau zinadondoka, paka wanazaliana. Paa la chuma litakusubiri. Turubai halisubiri mtu. Ungekuwa unaishi hapa, una banda, na unapenda kuamka mapema, ningekwambia Roadster bila kupepesa macho, na ningekwambia utafute lile linalouzwa pamoja na kofia yake ya chuma. Kofia hiyo ni paa gumu la kubandika juu, kama kilo 20, watu wawili mnaliinua. Masika unalivisha, yakiisha unaliegemeza ukutani na kuendelea na turubai. Kwa pwani hii sijaona mpango bora kuliko huo, ila unataka ukuta wa kuliegemeza na mtu wa pili wa kuinua.

Akajibu, "Sawa mjomba, nimekuelewa." Kijana akijibu haraka namna hiyo, ujue hajakubali.

Jana dada kanipigia. Kijana katuma hela ya mabati kumi na manne na nguzo sita, na kamwambia fundi aje apime uwanja upande ule usio na mti. Dada anafurahi, anasema hatimaye anajengewa jiko la nje. Sijamwambia kitu.